Ukioana na Mthai, soma karatasi ya Ofisi ya Ardhi kabla hujaitia saini

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie jambo linaloandikwa mara nyingi lakini kwa mkato mno: nani anamiliki nini pale Mthai anapofunga ndoa na mtu wa nje, kisha wawili hao wakataka kununua kiwanja Thailand. Kila mtu anakariri kwamba mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi kule. Ni kweli, ila hilo halimsaidii mtu ambaye ameshaandaa fedha na muuzaji anasubiri. Kinachowaponza watu ni karatasi moja wanayoitia saini haraka haraka kwenye dirisha la Ofisi ya Ardhi, wakidhani ni utaratibu wa ofisi tu.

Sheria ya Ardhi ya 1954, kifungu cha 86, ilimruhusu mgeni kupata ardhi iwapo nchi yake ina mkataba na Thailand kuhusu jambo hilo. Mikataba hiyo ilikoma mwaka 1970, na mlango huo ukabaki wa maandishi. Hadi 1999 hata Mthai mwenyewe, akishafunga ndoa na mgeni, alikuwa akikwama kusajili kiwanja alichonunua, kwa hofu kwamba sehemu yake ingekuwa mali ya mgeni kupitia ndoa. Machi 1999 Wizara ya Mambo ya Ndani ikalegeza: Mthai anunue, mradi yeye na mwenzake watie saini tamko la pamoja kwamba fedha zote za kununulia ni mali binafsi ya Mthai, sin suan tua, wala si mali ya ndoa, sin somros. Kanuni ni ile ile Mthai awe mke au mume, na tangu tarehe 23 Januari 2025 inawagusa pia wanandoa wa jinsia moja, ambao sasa ndoa zao zinasajiliwa.

Tamko hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Sheria ya Madai na Biashara, kifungu cha 1476, inataka wanandoa wote wawili waridhie kabla mali ya ndoa isiyohamishika haijauzwa, haijawekwa rehani au kupangishwa kwa zaidi ya miaka mitatu. Ukishatamka kwamba kiwanja ni mali binafsi ya mwenzako, kinga hiyo umeivua mwenyewe. Anaweza kwenda peke yake akakiweka rehani, au akakiuza kwa masharti ya kukikomboa, khai fak, na wewe usiulizwe lolote. Mkiachana, kifungu cha 1533 kinagawa mali ya ndoa nusu kwa nusu, lakini kiwanja hakimo kwenye hesabu. Mtu akidai baadaye kwamba fedha zilikuwa zake, anapingana na saini yake mwenyewe.

Wapo wanaoficha ndoa ili kulikwepa tamko. Tangu 2008 mwanamke Mthai aliyeolewa anaweza kuendelea kuitwa Nangsao, yaani bibi asiyeolewa, kwenye kitambulisho chake, kwa hiyo kitambulisho peke yake hakimfichui. Hata hivyo, kumdanganya afisa wa serikali ni kosa la jinai: kifungu cha 137 cha Sheria ya Adhabu kinataja kifungo hadi miezi sita, faini hadi baht 10,000, au vyote viwili. Na haisaidii kusema ndoa ni ya kimila tu. Tamko linatakiwa hata kwa wanaoishi pamoja bila cheti. Njia ya kununua kwa jina la kampuni yenye wanahisa Wathai wa kuazima nayo ni hatari. Anayeshika ardhi kwa niaba ya mgeni anaangukia kifungu cha 113 cha Sheria ya Ardhi: kifungo hadi miaka miwili, faini hadi baht 20,000, au vyote.

Mwenza akiwa nje ya nchi, tamko linaweza kusainiwa kwenye ubalozi wa Thailand. Ndoa iliyofungwa nje inahitaji cheti kilichotafsiriwa Kithai na kuthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje. Hilo lifanyike mapema, maana muuzaji mwenye haraka hasubiri mihuri.

Sasa, mgeni ajilinde vipi? Jibu liko nyuma ya hati. Hati kamili ya umiliki, chanote, ina upande wa nyuma ambako kila haki iliyosajiliwa juu ya kiwanja huandikwa kwa mstari wake: rehani, upangaji, haki ya matumizi. Mnunuzi au mkopeshaji yeyote atageuza karatasi hiyo na kuisoma. Kilichoandikwa pale kinambana. Kilichoandikwa kwenye mkataba wenu wa mezani hakimbani. Mkataba binafsi kati ya mume na mke, hata ukiwa na mihuri ya wakili kumi, unaishia kwenu wawili.

Haki inayotumika sana ni sitthi kep kin, haki ya kutumia ardhi na kufaidi mazao yake. Inasajiliwa kwa muda usiozidi miaka 30 au kwa maisha yote ya mwenye haki. Ikitolewa bila malipo, ada yake ni baht 50 kwa kiwanja pamoja na vijisenti vya fomu. Mwenye haki hii anakaa, analima, anapangisha, na hawezi kuondolewa na mnunuzi mpya. Kasoro yake ya kwanza ni kwamba inakufa naye. Haiendi kwa mrithi.

Kasoro ya pili ndiyo mtego, na mawakala wengi wa nyumba hawaitaji. Kifungu cha 1469 cha Sheria ya Madai na Biashara kinasema makubaliano ya mali yaliyofanywa kati ya wanandoa wakati wa ndoa yanaweza kutenguliwa na yeyote kati yao, wakati wowote ndoa ikiwepo au ndani ya mwaka mmoja baada ya ndoa kuvunjika, ili mradi haki za mtu wa tatu mwenye nia njema zisiguswe. Maana yake haki uliyopewa na mkeo Jumatatu inaweza kufutwa mkigombana Ijumaa. Kwa sababu hiyo hiyo baadhi ya ofisi za ardhi hukataa kabisa kusajili haki hiyo kati ya mume na mke, huku ofisi ya wilaya jirani ikiisajili bila neno. Ulizeni kwenye ofisi ile ile inayoshughulikia kiwanja, na muulize kabla ya kutoa malipo ya awali.

Dawa yake ni mpangilio wa hatua. Kama hamjaoana na Mthai tayari ana kiwanja, sajilini haki kwanza, ndoa ifuate. Kama mmeshaoana, mwombeni muuzaji amsajilie mgeni haki hiyo akiwa bado yeye ndiye mwenye ardhi, kisha siku hiyo hiyo ahamishe umiliki kwa Mthai, haki ikiwa tayari nyuma ya hati. Hapo aliyetoa haki si mwenza, na 1469 haina pa kushika. Muuzaji anapaswa kuelezwa mapema na kwa uwazi. Akishtukizwa dirishani, ataondoka na hati yake.

Upangaji wa miaka 30 ni njia nyingine. Unaozidi miaka mitatu lazima uandikwe na kusajiliwa, la sivyo mahakamani unahesabika kwa miaka mitatu tu. Ada ni asilimia 1 ya kodi ya muda wote na ushuru wa stempu asilimia 0.1. Kwa kodi ya baht 10,000 kwa mwezi, miaka 30 ni baht 3,600,000, hivyo mtalipa baht 39,600. Ahadi ya "30 na 30 tena" inayopambwa kwenye vipeperushi isikudanganye: kinachosajiliwa ni miaka 30, na ahadi ya kuongeza ni ya aliyeitoa, haimfuati mnunuzi mpya. Upangaji nao huisha mpangaji akifa, isipokuwa mkataba uliosajiliwa useme wazi kwamba warithi wake wanaendelea. Sharti hilo lidaini. Na kati ya wanandoa, 1469 inaugusa upangaji vile vile.

Nyumba ni habari tofauti na ardhi, na hapa mgeni ana nafasi kubwa kuliko anavyodhani. Anaweza kumiliki jengo. Kinachohitajika ni sitthi nuea phuen din, haki ya kuwa na jengo juu ya ardhi ya mwingine, iliyosajiliwa nyuma ya hati. Hii, tofauti na sitthi kep kin, inaweza kuuzwa na kurithiwa kama haikuandikwa vinginevyo. Kisha kibali cha ujenzi kiombwe manispaa au ofisi ya tambon, yaani kata, kwa jina la mgeni, pamoja na barua ya mwenye ardhi ya kuruhusu ujenzi. Mkataba wa fundi uwe kwa jina hilo hilo, na risiti za saruji, nondo na mabati zitunzwe. Watu wengi huishia kuonyesha tabien baan, kitabu cha nyumba, kama ushahidi wa umiliki. Si ushahidi. Kile cha bluu ni cha Wathai na cha manjano ni cha wageni, na vyote viwili vinaonyesha nani anaishi pale, basi. Nyumba iliyokwisha kujengwa ikiuzwa bila ardhi, Ofisi ya Ardhi hubandika tangazo kwa siku 30 kabla ya kuhamisha, kwa hiyo panga muda.

Kuhusu kiwanja cha wakwe huko Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, ambako wengi hujenga kwa sababu ni bure: tazameni aina ya hati kwanza. Kama ni Sor Por Kor 4-01, hiyo ni ardhi ya mageuzi ya kilimo, aliyopewa mkulima. Haiuzwi, inarithishwa tu, na hakuna haki ya mgeni itakayosajiliwa juu yake. Nyumba ya mamilioni pale inasimama kwa hisani. Nor Sor 3 Gor, hati ya matumizi ya ardhi, ni nzuri, ina garuda (nembo ya ndege wa hadithi) wa kijani. Chanote ina garuda mwekundu. Nor Sor 3 ya kawaida, yenye garuda mweusi, mipaka yake si ya uhakika na uhamisho wake unatangazwa siku 30. Msiridhike na nakala ya simu. Nendeni Ofisi ya Ardhi ya eneo hilo mlinganishe hati ya muuzaji na ile iliyohifadhiwa pale, mbele na nyuma.

Kifo kinaleta hesabu ambayo wachache wameipiga. Mthai akifariki bila wosia, akaacha mwenza, mtoto mmoja na wazazi wote wawili hai, kiwanja chake kinagawanywa kwa mafungu manne yaliyo sawa. Mgeni ni mrithi halali wa robo, lakini asitegemee kuishika kama ardhi: anatakiwa kuiuza ndani ya muda atakaopangiwa, usiopungua siku 180 na usiozidi mwaka mmoja. Fedha za mauzo ni zake. Ndiyo maana wosia wa Kithai unafaa uandikwe mapema, uwe na tarehe, usainiwe mbele ya mashahidi wawili walio pamoja, na umtaje msimamizi wa mirathi.

Wengine huona bora kumwandikisha mtoto mwenye uraia wa Kithai. Ni sawa, ila kifungu cha 1574 cha Sheria ya Madai na Biashara kinawataka wazazi kupata kibali cha mahakama kabla ya kuuza ardhi ya mtoto mdogo, kuiweka rehani, au kusajili haki juu yake. Haki ya mgeni ikitakiwa, isajiliwe kabla kiwanja hakijaenda kwa mtoto.

Mkataba wa kabla ya ndoa una manufaa kwa kuorodhesha nani aliingia na nini, lakini lazima uandikwe kwenye rejista ya ndoa siku ile ile ya kusajili, au uambatishwe ukiwa na saini za wote wawili na mashahidi wasiopungua wawili. Ukiletwa kesho yake ni batili. Na hauwezi kumfanya mgeni mwenye ardhi, hata uandikwe vipi. Ile njia ya kuwekeza baht milioni 40 ili kupata rai moja ya makazi, yaani mita za mraba 1,600, ipo kisheria, lakini ni ya wachache. Serikali ilipojaribu kuilegeza mwishoni mwa 2022, wananchi walipiga kelele na pendekezo likaondolewa.

Asiyetaka mizunguko yote hii anunue fleti ya kondo. Sheria ya Kondo ya 1979 inamruhusu mgeni kumiliki kwa jina lake, mradi wageni wasizidi asilimia 49 ya eneo lote la fleti katika jengo. Kinachokwamisha hapa ni fedha. Ziingie Thailand zikiwa fedha za kigeni, zibadilishwe huko, zije kwa jina la mnunuzi, na sababu iandikwe kuwa ni kununua fleti fulani. Benki itatoa fomu ya muamala wa fedha za kigeni kwa kiasi cha dola 50,000 na kuendelea, au barua ya uthibitisho kwa kiasi pungufu. Fedha zikitumwa zikiwa tayari ni baht, au zikipitia akaunti ya mke kwa sababu "ndiyo iliyokuwa wazi," Ofisi ya Ardhi haitahamisha fleti kwa jina la mgeni.

Jambo la mwisho ni dogo ila linasumbua miaka. Jina la mgeni huandikwa kwa herufi za Kithai, na kila mtafsiri ana mwandiko wake. Chagueni tahajia moja kutoka tafsiri ya pasipoti, itumike kwenye cheti cha ndoa, kibali cha ujenzi, wosia na nyuma ya hati, na mlinganishe herufi kwa herufi mkiwa bado mbele ya afisa. Kosa likirekebishwa pale pale ni suala la dakika. Likigunduliwa mwenye ardhi akiwa ameshafariki, linakwenda mahakamani.

Msomaji wako