Kusaini fomu si kujua kuuguza

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika, lakini taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu wazee waliopata kiharusi imenikera. Mlisema kabla ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani, ndugu "hupewa elimu" ya kumuuguza na kusaini fomu. Elimu gani? Muuguzi huongea dakika tano kando ya kitanda, ndugu huitikia "sawa, sista", basi. Hakuna aliyemwona akifanya lolote kwa mikono yake.

Uwezo wa anayeuguza haupimwi kwa kumuuliza kama ameelewa. Hupimwa kwa kumwambia: mlishe, nikuone. Je, amemkalisha wima, au amemlaza chali na mto mmoja? Kidevu kimeinama kidogo, au kichwa kimerudi nyuma? Anatumia kijiko cha chai na kusubiri kila tonge limezwe? Anakagua shavu la upande uliolegea kama kuna ugali umebaki, na kumwacha mgonjwa ameketi nusu saa baada ya kula? Akikohoa, au sauti ikisikika kama ina maji kooni, anaacha kulisha au anamwongezea maji ili "kishuke"? Hapo ndipo chakula huingia kwenye mapafu na kuleta nimonia. Kisha amhamishie kwenye kiti cha magurudumu: kiti kiwe upande wa mgonjwa wenye nguvu, breki zimefungwa, nyayo zimekanyaga sakafu, mgonjwa ashikwe kiunoni. Wengi huvuta mkono uliopooza, wakati misuli inayoshikilia bega imekwisha legea. Juzi kliniki ameletwa bibi ambaye bega limeshuka hadi vidole viwili vinaingia juu ya mfupa wa mkono. Mkwe wake amekuwa akimnyanyua kwa kwapa mwezi mzima, akidhani anamsaidia. Fomu ya "kuelimishwa" imo kwenye faili, imesainiwa na mtoto wa kiume aliyekuja kulipa bili na kurudi mkoani kazini.

Na huyo mkwe angejifunza saa ngapi? Muda wa kuona wagonjwa ni mfupi, na kabla hajamaliza kumnywesha uji mzee, mlinzi anagonga mlango watu watoke. Wodi inayofukuza walezi isilalamike kwamba hawajui kulea.

Siku tatu kabla ya ruhusa, aitwe atakayelala chumba kimoja na mgonjwa, hata kama ni binti wa kazi. Apewe dakika 30: alishe, ahamishe, amgeuze kama atakavyomgeuza kila saa 2 na kukagua visigino na makalio, amvishe shati akianza na mkono uliopooza, ataje dawa za presha na saa zake. Muuguzi atazame tu, asimsaidie isipokuwa mgonjwa yumo hatarini. Akikosea kulisha au kuhamisha, arudie kesho, na ruhusa isubiri. Baada ya wiki mbili apimwe tena nyumbani, kwenye godoro lile lile la chini analolalia mgonjwa.

Mtaalamu wa mazoezi tiba,
Dar es Salaam