Barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Dar es Salaam: semina za msongo wa mawazo hazirudishi usingizi

Ndugu Katibu Tawala,

YAH: RATIBA ZA WANAFUNZI WA SEKONDARI NA WA UUGUZI

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Tumekuandikia wewe, si Wizara, kwa sababu moja: Afisa Elimu wa Mkoa na Mganga Mkuu wa Mkoa wote wawili wako chini ya ofisi yako, na jambo hili limekaa katikati yao. Kila upande huona ni la mwenzake.

Vijana wetu wanaletewa semina za msongo wa mawazo. Wanaambiwa wavute pumzi taratibu, wazungumze na mtu wanayemwamini, wapunguze simu. Ushauri si mbaya. Shida ni kwamba wanausikiliza wakisinzia. Sehemu kubwa ya tunachokiita msongo ni deni la usingizi, na deni hilo linatengenezwa na ratiba tulizowapangia sisi wenyewe.

Chukua mwanafunzi wa kidato cha tatu anayekaa Chanika na kusoma katikati ya jiji. Vipindi vinaanza saa 1:30 asubuhi, lakini kabla yake kuna usafi na mstari. Makonda hawapendi gari lijae sare kwa nauli ya mwanafunzi, kwa hiyo akichelewa kidogo anaachwa kituoni. Anaamka saa 10:00 alfajiri. Jioni kuna masomo ya ziada, nyumbani anafika saa 1:00 usiku, ale, aoge, afue soksi, afanye kazi za shule, alale saa 4:30. Amepata saa tano na nusu. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa mwenye umri wa miaka 13 hadi 18. Ukihesabu kwa kile kiwango cha chini tu, kila Ijumaa anafunga wiki akidaiwa saa 12 na nusu. Jumamosi akiamka saa nne asubuhi anaitwa mvivu.

"Basi alale mapema." Hilo tunaambiwa kila kikao cha wazazi. Katika ujana saa ya mwili husogea mbele: melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa usiku umeingia, huchelewa kutoka kwa saa moja hadi mbili hivi. Ukimlaza saa 2:00 usiku atakodolea macho chandarua. Ongeza joto. Mwili hauzami usingizini mpaka ujipoze kidogo, na chumba cha bati lisilo na dari mwezi wa pili hakipoi mpaka usiku wa manane. (Bando la usiku nalo, linalouzwa bei ya chini kuanzia saa 6, limewafundisha vijana kwamba usiku wa manane ndio wakati wa kuingia mtandaoni. Hilo ni la wazazi na kampuni za simu, tunaliacha.)

Upande wa asubuhi ndio unaoumiza zaidi. Usingizi mzito wa mwili huja mapema usiku. Usingizi wa ndoto hujaa karibu na alfajiri. Anayeamshwa saa 10:00 hakatwi kidogo kidogo kutoka kila sehemu, anakatwa hasa ile ya mwisho, inayohusishwa na kutuliza hisia. Ndiyo maana walimu wa malezi wanaletewa binti anayelia bila kujua analilia nini, na mvulana anayepigana kwa sababu ya kalamu. Kambi za kitaaluma za kidato cha nne zenye kipindi cha saa 11:00 alfajiri zinarudisha kosa hilohilo, tena miezi michache kabla ya mtihani, wakati ambapo ubongo unahitaji usingizi ili uhifadhi kilichosomwa jana.

Kwa wanafunzi wa uuguzi hali ni mbaya zaidi, maana makosa yao yanamfikia mtu wa tatu kitandani.

Tatizo la kwanza ni zamu ya jioni kufuatwa na ya asubuhi. Anakabidhi wodi saa 2:30 usiku, anafika kwake Mbagala au Goba saa 4:00, na ili awe wodini saa 1:30 asubuhi anaamka saa 10:30. Kati ya kufika na kuamka zipo saa sita na nusu, na humo kuna kula, kuoga na kufua sare. Ulaya sheria inataka mfanyakazi apate mapumziko ya saa 11 mfululizo kila siku. Kati ya 2:30 na 1:30 zinatimia 11 kwenye karatasi. Barabara ndiyo inayozila. Zamu zipangwe kwenda mbele: asubuhi, kisha jioni, kisha usiku, kisha siku za kupumzika. Mwili huchelewa kulala kwa urahisi kuliko unavyowahi.

Tatizo la pili ni darasa kabla na baada ya zamu ya usiku. Aliyeamka saa 12 asubuhi, akasoma mchana, akaingia wodini saa 2:30 usiku, ikifika saa 5 usiku ametimiza saa 17 akiwa macho. Utafiti wa Dawson na Reid wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba hapo wepesi wa mtu hushuka kama wa mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Zamu ndiyo kwanza imeanza. Sasa mpe kabati la dawa. Ampuli (kichupa cha dawa ya sindano) ya gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, ya ml 2 inaweza kuwa na mg 20 au mg 80, na ujazo ni uleule. Kichanga aliyeandikiwa mg 20 akichomwa ampuli nzima ya mg 80 amepata mara nne, na dawa hiyo inaweza kuumiza figo na usikivu. Au mtazame saa 10 alfajiri, mwili unapokuwa chini kabisa, akirudishia kifuniko cha sindano kwa mikono miwili: akijichoma, dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na azimeze siku 28.

Chanzo hakijafichika. Chuo kina ratiba yake, wodi ina yake, na hakuna anayeziweka mezani pamoja. Wodi yenye upungufu wa watumishi humhesabu mwanafunzi kama mtumishi, naye mkufunzi humhesabu kama mtoro. Hospitali za rufaa za mkoa ziko chini ya Wizara, tunajua. Lakini hospitali za wilaya na vituo vya afya ni vya halmashauri zako tano. Anzia huko: ratiba moja yenye sahihi mbili, ya mkufunzi na ya inchaji wa wodi, na pasiwepo kipindi siku ya kuingia usiku wala siku ya kutoka.

Wakiachwa hivi, wanafunzi hujitibu wenyewe. Kinywaji cha kuongeza nguvu cha ml 250 huwa na kafeini kama mg 80. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kopo la saa 10 jioni bado ni mg 40 saa 3 usiku. Kesho yake anameza piriton ili alale, anaamka mzito, ananunua kopo jingine. Wafundishwe mambo madogo yanayofanya kazi: kafeini ya mwisho kwenye zamu ya usiku iwe saa 8 usiku; kulala kidogo dakika 20 kwa kengele, kisha dakika 15 za kuchangamka kabla ya kugusa dawa; na nyumbani, usingizi ukigoma kwa dakika kama 20, aondoke kitandani akae gizani mpaka usingizi umrudie.

Kuhusu madodoso yanayogawiwa siku za afya: PSQI, dodoso la ubora wa usingizi, ina maswali 19, alama 0 hadi 21, na zaidi ya 5 ni usingizi mbovu. PHQ-9, dodoso la dalili za sonona, ni alama 0 hadi 27. Kuanzia 10 mtu apelekwe kwa mtoa huduma, kwani alama peke yake si ugonjwa. Mwalimu wa darasa akizikusanya zikiwa na majina, wote watajaza sifuri. Zikusanywe na mnasihi, zisomwe siku hiyohiyo, kwa ajili ya swali la tisa la PHQ-9, linalouliza kuhusu kutaka kufa au kujiumiza. Jibu lolote hapo lisilo sifuri haliwezi kulazwa kwenye droo mpaka Jumatatu. Shule isiyo na mtu wa kumwona mtoto huyo siku hiyo, au njia ya kumfikisha hospitali ya Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, isigawe fomu hizo kwanza. Ibandike namba 116 ya simu ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure, na ianze na daftari la usingizi la siku 14: saa ya kupanda kitandani, ya kulala, ya kuamka, na kafeini ya mwisho. Ukurasa mmoja unatosha, na nakala yake tunaweza kuileta ofisini kwako wiki yoyote utakayotupangia, wakiwepo Afisa Elimu na Mganga Mkuu katika chumba kimoja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wakufunzi wa uuguzi na walimu wa malezi na unasihi,
Dar es Salaam