Mtafiti wa polisi, kaa kaunta

Ndugu Mhariri,

Wanafunzi wa vyuo wanaokuja Tabora kutafiti kazi ya polisi hupenda dodoso. Mkuu wa kituo anazigawa, na ndiye anayezikusanya. Konstebo gani ataandika kinachomkera kazini kwenye karatasi itakayopita mkononi mwa bosi wake? Majibu yanarudi yamefanana.

Wengine huhesabu RB, yaani taarifa zilizoandikwa kwenye kitabu cha kituo, wakidhani wamehesabu uhalifu. RB huonyesha tu nani alifika kaunta na akaandikiwa. Huku Unyamwezi, ambako sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walishika kasi mapema miaka ya 1980 kwa sababu ya wezi wa ng'ombe, mambo mengi ya mifugo huishia kwao au kwa mwenyekiti wa kijiji. Kata yenye RB chache huenda ndiyo inayoibiwa zaidi.

Mwaka 1966, Albert Reiss, mwanasosholojia wa Marekani, aliwatuma washuhudiaji 36 waongozane na askari wa doria Boston, Chicago na Washington, siku zote za wiki, kwa wiki saba. Ilionekana kwamba sehemu kubwa ya kazi ya askari huanza raia anapoita. Basi mtafiti aanzie pale raia anapoanzia.

Ukishapata kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na cha jeshi lenyewe, kaa kaunta zamu za mchana na za usiku pia. Andika nani kaja, kaja na nani, kaelezwa nini, katoka na RB au mikono mitupu. Usiandike mbele ya askari. Kalamu ikitoka tu, lugha hubadilika. Toka nje kila baada ya muda, uandike kabla hujasahau. Siku za mwanzo usizitegemee, kwa kuwa kila mtu atakuwa mpole. Majina yasiingie daftarini kabisa.

Kisha fuatilia karatasi: PF3 (fomu ya polisi anayopewa aliyeumia aende nayo hospitali) ngapi zimetolewa, ngapi zimerudi na maandishi ya daktari, majalada mangapi yamefika kwa mwendesha mashtaka. Karatasi inapokatika, muulize mlalamikaji, tena nyumbani kwake. Mara nyingi utakuta ndugu wamekaa wakamalizana, au nauli ya kurudi kituoni imekosekana.

Na msije wiki mbili za likizo mkaondoka. Msimu wa masoko ya tumbaku, pesa ikiwa mikononi, malalamiko ya kaunta si yale ya wakati wa kupalilia.

Msomaji wenu,
Cheyo, Tabora