Wapiga kantri, acheni kukwaruza banjo ya nyuzi sita

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wapiga gita wenzangu wa Nakuru na Kisumu, hasa wa bendi za kantri. Banjo ya nyuzi sita, ile yenye nyuzi kama za gita, nikiiona stejini nafurahi sana, lakini wengi wanaipiga kama gita, piki moja, kukwaruza nyuzi zote juu chini, mwishowe unasikia besi ikivuma tu na banjo yenyewe haipo.

Kuityuni kama gita si kosa, Johnny St. Cyr aliipiga hivyo na Louis Armstrong miaka ya 1920 na jazi yao ikawa tamu. Lakini kama unatafuta ile sauti ya Earl Scruggs, yule mpiga banjo Mmarekani wa bluegrass, inayomwagika kama mvua ya mawe kwenye mabati, basi mambo yote yako kwa uzi wa tano wa banjo ya asili, yaani ya nyuzi tano, ule mfupi wa upande wa dole gumba. Huo ni G ya juu, mara nyingi mkono wa kushoto haujishughulishi nao, unalia tu katikati ya noti zingine. Kwa gita upande huo kuna besi, sasa hiyo sauti itatoka wapi?

Na kurekebisha si kazi jameni! Nyuzi za D, G na B za katikati ziko sawasawa na za banjo ya asili, usiziguse. Uzi wa kwanza shusha kutoka E hadi D, wa sita toa kabisa, halafu wa tano, ile A nene, toa uweke kale kauzi kembamba ka G ka gita ya nyuzi 12, ukaze polepole mpaka G ya juu. Ukipwaya kwenye kamfereji kake kwa sababu kalichongewa uzi mnene, kunja kakaratasi uweke chini, utatulia. Kisha vaa piki za vidole, gumba na viwili vingine, udonoe uzi mmoja mmoja. Tena ukifunga kepo, kile kibanio cha shingoni cha kupandisha sauti, nyuzi zote zinapanda pamoja, mwenye banjo ya asili lazima ule wa tano aupandishe kivyake.

Na sisi wa huku hatuna sababu ya kushindwa, wapiga nyatiti wamedonoa hivyo tangu zamani na magita ya benga yakafuata hapo hapo.

Wenye maduka ya vyombo vya muziki nao tafadhali tuuzieni uzi mmoja mmoja, kijana anayeanza akinunua seti nzima ya nyuzi 12 ndio apate kale ka G tu, mnamuumiza bure.

Mpenzi wa kantri,
Nakuru