Mkono wa Idi, na Buriani kwa Mlezi wa Chama

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa niaba ya wapigaji, waimbaji, wanachama na wapenzi wote wa taarab wa mtaa wetu hapa Unguja, tunawapa mkono wa Idi. Mwenyezi Mungu azitakabali saumu zetu, tarawehe zetu na sadaka zetu, awape afueni wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atufikishe mwakani sote tukiwa na siha na imani. Walioko Dar, Mombasa, Maskati na Ulaya, waliofuturu kazini kwa tende na maji, salamu hizi ni zao pia.

Mwezi ulikuwa mzito. Sukari, unga wa ngano, mafuta na nazi vilipanda kabla hata mwezi haujaandama, maana wako wafanyabiashara ambao kwao Ramadhani ni msimu wa mavuno. Tambi za Idi zimepikwa kwa nazi moja pale palipostahiki mbili, na nguo za watoto wengi zimeshonwa kwa mkopo. Hata hivyo, alhamdulillahi, fitri, ile zaka ya chakula ya kumaliza saumu, imetoka.

Na kwenye fitri ndipo pengo la mlezi wetu lilipoonekana mwanzo. Ametutoka mwaka huu akiwa amevuka miaka 80, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiihesabu fitri ya mtaa mzima. Kazi yenyewe inaonekana ndogo mpaka uishike. Kila kichwa pishi moja, yaani vibaba vinne, kwa mizani ya dukani kama kilo mbili na nusu za mchele. Nyumba ya watu saba ni kilo kumi na saba na nusu, na mtoto aliyezaliwa kabla ya magharibi ya siku ya mwisho ya mwezi naye anahesabiwa. Kosa la kila mwaka ni kungoja asubuhi ya Idi. Mchele unafika kwa mwenye haja wakati watu wamekwisha kutoka msikitini, na hapo umekuwa sadaka ya kawaida. Mzee alikuwa na orodha mbili, ya wanaotoa na ya wanaopewa, na mifuko alianza kuifunga tangu mwezi 27 Ramadhani. Orodha ya pili hakumwonyesha mtu. Mwaka huu tuliifungua watu watatu na tukaona haya kwa majina tuliyoyakuta, ya majirani tunaoamkiana nao kila siku.

Chamani hakuimba hata beti moja. Hakutunga, hakupiga ala mbele ya watu. Alikuwa na ufunguo wa mlango, daftari la ada, na ufunguo mdogo wa kukazia qanuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa kwa vidole, aliokuwa ameufunga uzi mwekundu usije ukapotea mchangani. Vyama vikubwa vya taarab vya Unguja vinajulikana: Ikhwani Safaa kipo tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958. Jina la Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, tunalo sote midomoni, na Bi Kidude aliyefariki Aprili 2013 dunia nzima ilimlilia. Wanastahiki. Lakini nani aliwasha taa kabla ya mazoezi, nani aliikunja mikeka, nani alikwenda kudai ada za miezi sita? Majina hayo hayamo katika santuri yoyote.

Idi ya safari hii imeangukia mlangoni mwa masika, na masika ndiyo yanayoua ala. Qanuni nyingi zina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na kidaraja chake, kile kijiti kinachobeba nyuzi, kinakaa juu ya vipande vya ngozi ya samaki au ya mbuzi. Unyevu ukiingia, ngozi inalegea, kidaraja kinazama, na sauti zote zinashuka kwa pamoja. Asiyejua huanza kukaza nyuzi. Jua likitoka ngozi inakauka, kidaraja kinanyanyuka, na nyuzi zilizokazwa kupita kiasi zinakatika au ngozi inapasuka. Mzee alikuwa akigusa ngozi kwanza kwa kidole gumba. Ikiwa laini, aliifunika qanuni kwa kanga kavu, akaiweka juu ya meza mbali na ukuta wa nje (kuta zetu za mawe na chokaa hunyonya maji kutoka chini), na hakuruhusu mtu kukaza kitu mpaka kesho yake. Uzi mpya wa nailoni nao haushiki siku ya kwanza. Unavutika kwa siku kadhaa, kwa hiyo nyuzi hubadilishwa wiki moja kabla ya shughuli, siyo jioni ya shughuli.

Fidla ina balaa zake. Masika vigingi vinavimba na kukwama, dawa yake ni sabuni kavu kidogo. Kaskazi vinasinyaa na kuteleza, dawa yake chaki. Upinde ulegezwe kila baada ya kupiga, vinginevyo ubao wake unapinda na haurudi. Dumbaki, ngoma yetu ndogo ya mkono, ikiwa ya ngozi hushuka sauti umande ukianza kuingia usiku, na wengi huikimbizia makaani. Isogezwe kwa umbali wa mkono mzima, izungushwe, na itolewe mara tu inapoanza kulia. Ikikaa zaidi inapasuka pembeni, na ngozi nzuri ya mbuzi siku hizi si bei ya mchezo.

Wafadhili tunawashukuru, Mungu awazidishie. Ila tuseme: wengi hupenda kupiga picha na kinanda kipya, na hakuna anayepiga picha na seti ya nyuzi.

Nje ya chama ilikuwa hivyo hivyo. Kabla ya mvua alikuwa mitaroni na jembe, akitoa mchanga na mifuko ya plastiki. Msiba ukitokea, yeye ndiye aliyejua sanda iko wapi na jeneza liko msikiti gani. Na hapa naomba nitoke kidogo kwenye salamu za chama: nilimpenda sana mzee huyu, sikuwahi kumwambia, na usiku wa kuamkia Idi nililia.

Ndugu zangu, tuambizane ukweli. Tumezoea kumsomea mtu khitma nzuri, tukala biriani, tukasema ameacha pengo, kisha tukaliacha pengo hilo hivyo hivyo. Vijana, simu zenu zimejaa nyimbo za mababu zenu, na hakuna hata mmoja wenu awezaye kukaza nyuzi tatu zikalia sauti moja. Kina mama, mnatunza waimbaji noti usiku kucha, na ada ya mwezi hamlipi. Viongozi wa chama, na sisi tumo, tunagombea nani atakaa safu ya mbele wageni wakija, na choo cha chama hakina mlango. Kujitolea ni ibada. Tumwogope Mungu katika amana hii.

Na madaftari ya nyimbo jamani, madaftari! Yako majumbani kwenu, chini ya vitanda, yanaliwa na mchwa. Msiyatie plastiki ya moto, wino wa zamani unaweza kuharibika. Yapigeni picha mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, kila ukurasa peke yake. Kisha nakilini kwa mkono beti zote na kipokeo chake, na juu muandike mtunzi wa shairi, mtunzi wa muziki, aliyeimba kwanza, na maqamu, yaani mpangilio wa sauti wa wimbo, kama ni rasti, bayati au hijazi. Shairi lisilo na maqamu yake mtu atalisoma, hatalipiga.

Idi pili tunapiga baada ya sala ya isha, mlango uko wazi. Ada zinapokewa pale pale mlangoni. Anayetaka kujifunza kukaza qanuni aje mapema, baada ya alasiri, na asiongee sana wakati fundi anasikiliza nyuzi. Halua itakuwepo, kahawa mje na vikombe vyenu.

Idi Mubarak. Kullu aam wa antum bikhair.