Kabla hujasaini mkopo wa gari

Mwanangu Neema,

Habari ya gari nimeisikia kwa mdogo wako, si kwako. Anasema fomu za benki zimeshajazwa, bado sahihi yako tu. Mama, nakuomba usisaini kabla hatujaongea.

Makato yako nayajua, Pasaka ulinisomea mwenyewe ile slipu ya mshahara. Bodi ya Mikopo, kwa deni lako la chuo, inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, mfuko wa pensheni wa PSSSF asilimia 5, kodi nayo ina chake, bima vilevile. Hapo sijataja mkopo wa kiwanja cha Iyumbu. Najua mtumishi hatakiwi kukatwa hadi abaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake, na watakwambia theluthi yako bado ipo. Sawa, ipo. Lakini ndiyo hiyohiyo chakula, ada ya mtoto, umeme, na sasa mafuta na matairi ya hilo gari.

Sisemi urudi kwenye maisha yetu. Nimebeba zege kwenye nyumba za watu Kisasa na Ilazo ili wewe usibebe. Siku ile tunapita Mtumba, kwenye mji wa serikali, niliwaonyesha abiria wenzangu jengo lenu, nikawaambia mwanangu yumo humo. Ila hao wenzako wenye magari, wengine baba zao wana nyumba za kupangisha mjini. Wakikwama wana pa kushika. Wewe ukikwama, nyuma yako nipo mimi na madebe yangu ya uwele. Na ukianguka wewe, ada ya mdogo wako nayo imeanguka.

Ule mkopo wa kausha damu wa mwaka jana, wa riba kali, ulionunulia bati za nyumba yetu, uliniambia ni akiba yako. Nilijua si akiba, na bati nikazipokea. Hazivuji hata tone. Kwa hiyo usidhani nakusema kwa sababu nakuona mbadhirifu. Usisaini tu.

Mama yako amekukaushia mlenda, kiroba kizima, na anauliza mjukuu wake anakuja lini maana anasikia mtoto hataki kula ugali wa uwele. Mzoeshe huo ulimi mapema. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja dhaifu. Ghala limeingia mchwa, nimelipaka oili chafu.

Jumamosi naleta karanga soko la Majengo. Nikimaliza napanda daladala hadi kwako. Hizo fomu ziwe mezani, na slipu ya mwezi huu, tuzisome wote.

Baba yako