Msifunge video vyuoni, gaweni njia kwa haki

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma barua ya mzazi aliyetaka vyuo vikuu vifunge video zote kwenye mitandao yao, kwa hoja kwamba wanafunzi wanatazama tamthilia na mpira huku wenzao wakishindwa hata kufungua fomu ya usajili. Uchungu wake naujua. Ninafanya kazi kwenye chumba cha mitambo ya mtandao cha chuo kikuu, na malalamiko ya aina hiyo hunipokea karibu kila asubuhi. Ila dawa anayoipendekeza niliwahi kuitumia kwa mkono wangu mwenyewe, ndiyo maana naomba nafasi nieleze kilichotokea.

Ilikuwa wiki tatu kabla ya mitihani. Kila jioni kuanzia saa 1 njia yetu ya kwenda nje, yaani kiungo kinachokiunganisha chuo na intaneti, ilijaa pomoni, na ripoti zilionyesha kuwa sehemu kubwa ya mzigo ni video. Uongozi ukaagiza tovuti moja kubwa ya video ifungwe. Nikaifunga. Usiku ule grafu iliporomoka, tukapongezana. Asubuhi yake, hata mkoba sijautua, nilimkuta mlangoni mwanafunzi wa uuguzi. Mhadhiri wao aliwapa maonyesho ya kushona jeraha wayatazame kabla ya mtihani wa vitendo, na maonyesho hayo yalikuwa kwenye tovuti ile ile. Baada yake wakaja wa uhandisi, wa hisabati, na wawili wanaosomea lugha ya alama. Lugha ya alama utaifundishaje bila picha inayotembea? Haikupita wiki mbili grafu ikarudi pale pale, maana wanafunzi walishajifunza kutumia VPN, yaani programu inayoficha unakokwenda mtandaoni, na mzigo wote sasa ulipita ndani ya mfereji uliofunikwa ambao sisi mafundi hatuoni kilichomo. Aliyeumia mpaka mwisho ni mwanafunzi mtiifu aliyekataa kupita njia za panya. Jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu agizo lilitoka juu lakini aliyebonyeza ni mimi.

Tatizo lenyewe ni la kweli. Netflix huwashauri wateja wake wawe na kasi ya megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya 720p, 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K; hivyo ni viwango vya ubora wa picha, kutoka cha chini kwenda cha juu. Chukua chuo chenye wanafunzi 10,000 na njia ya megabiti 1,000 kwa sekunde. Watazamaji 200 wa 1080p wanatosha kuijaza yote, nao ni wanafunzi 2 tu katika kila 100. Wapo wanaosema dawa ni kununua njia kubwa zaidi. Wakati mwingine ni kweli, njia inakuwa imezidiwa na idadi ya watu na hakuna ujanja. Lakini njia ikipanuka, programu za video nazo hupandisha ubora zenyewe, na aliyekuwa akitazama 720p hujikuta kwenye 1080p bila kuomba. Nimeona njia ikiongezwa maradufu na ikajaa tena jioni kabla muhula haujaisha.

Tabia hiyo ya kupanda ndiyo pia ya kushuka, na hapa naomba wasomaji waniwie subira, kwa sababu hoja yangu yote imesimama juu yake. Video iliyorekodiwa haiji kama faili moja refu. Imekatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande kimehifadhiwa katika viwango kadhaa vya ubora. Programu ya kutazamia hupima kipande kilichopita kimefika kwa kasi gani, kisha huomba kinachofuata kwa kiwango kinachobebeka. Ukiipa nafasi ndogo hushuka ngazi moja na kuendelea. Kwenye kioo cha simu, mtazamaji mara nyingi hata hagundui. Mwezi Machi 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, Netflix ilipunguza viwango vyake barani Ulaya baada ya kuombwa na Umoja wa Ulaya, ikasema hatua hiyo ingepunguza mzigo wake kwa takriban asilimia 25. Watazamaji waliendelea kutazama. Somo la moja kwa moja, ambamo mwanafunzi anauliza na mhadhiri anajibu, haliwezi kuvumilia hivyo. Halina akiba ya vipande vilivyotangulia kufika. Sauti ikichelewa nusu sekunde tu, watu wanaanza kuingiliana maneno.

Kwa hiyo video ya burudani inaweza kusogea pembeni bila kuuawa. Swali ni nani aisogeze, na kwa kipimo gani.

Jibu linalowajia wengi haraka ni kumwambia fundi atambue mhadhara aupe kipaumbele, atambue tamthilia aibane. Haiwezekani, na hata ingewezekana nisingeiunga mkono. Siku hizi karibu video zote husafiri zikiwa zimefichwa kwa usimbaji. Mimi naona jina la tovuti na ukubwa wa mzigo. Kama mwanafunzi anatazama upasuaji wa moyo au mchekeshaji, sioni. Na sitaki kuona. Mtandao unaojua kila anachotazama kijana wa miaka 20 usiku, pamoja na ugonjwa anaoutafutia maelezo kwa siri, ni mtandao ambao mimi kama baba nisingependa binti yangu autumie.

Jibu la pili ni kumwekea kila mtu kikomo kisichobadilika, tuseme megabiti 1 kwa sekunde, mchana na usiku. Linaonekana la haki, ila angalia linavyofanya kazi. Mwanafunzi wa kompyuta anayepakua faili la gigabaiti 4 atasubiri karibu saa 9 nzima, hata kama ni alfajiri na njia iko wazi kama barabara ya siku ya sikukuu. Chuo kinalipia njia hiyo kwa saa zote 24. Kuiacha ilale tupu wakati mtu anaihitaji ni kupoteza fedha za umma au za wazazi.

Ninachokiomba mimi ni kugawa njia kwa watu, tena pale tu inapojaa. Kuna kisa cha zamani kinachoeleza kwa nini mtandao haufanyi hivyo wenyewe. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, umbali wa yadi 400 tu, kasi ya data ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Mashine zilikuwa zikituma upya data iliyopotea, na kule kutuma upya kukazidi kuiziba njia. Mtafiti wa maabara hiyo, Van Jacobson, alichapisha mwaka 1988 mbinu za kuzifanya mashine zipunguze kasi kila zinapoona data inapotea, na mpaka leo intaneti inaishi kwa msingi huo. Lakini mgawo unaotokana na mbinu hizo unafuata miunganisho, yaani kila mazungumzo ambayo kifaa hufungua na tovuti. Haujui mtu. Anayefungua miunganisho 30 ili apakue faili haraka anapata takriban mafungu 30. Anayesoma makala ya jarida kwa muunganisho mmoja anapata fungu 1. Ukiwaacha hivyo jioni yenye msongamano, unakuwa umempa mwenye pupa zawadi.

Ruta, yaani mtambo unaopitisha data kati ya chuo na nje, inaweza kuelekezwa igawe kwanza kwa mtu, kwa kuwa chuo kinamjua kila anayeingia kwa jina lake la usajili, kisha fungu la mtu huyo ligawanywe kwa miunganisho yake. Wakiwa 500 wanaotaka kwa pamoja, kila mmoja ana megabiti 2 za ile njia yetu ya 1,000. Video yake inashuka ngazi na kuendelea. Wakibaki 20 saa 9 usiku, kila mmoja ana 50, na lile faili la gigabaiti 4 linapakuliwa kwa dakika 11 hivi. Uzuri wa mpango huu ni kwamba mwenye kutumia chini ya fungu lake hapangi foleni kabisa. Somo la moja kwa moja, barua pepe, fomu ya usajili, vyote ni vyepesi, hupita bila kusubiri na bila mtu yeyote kuchungulia ndani yake. Mbinu zenyewe si siri wala si ghali. Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mbinu iitwayo CoDel mwaka 2012, inayozuia foleni isirefuke ndani ya ruta, na ikaingia kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure unaotumika kwenye ruta nyingi, mwaka huo huo. CAKE, inayoweza kugawa kwa kila kifaa kabla ya kugawa kwa miunganisho, iliingia mwaka 2018. Zote ni za bure.

Kabla ya hayo yote, tupime. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeshuhudia bweni zima likilalamika huku njia ya nje ikiwa nusu tupu. Ugonjwa ulikuwa kwenye Wi-Fi. Katika masafa ya 2.4 GHz kuna chaneli 3 tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na vifaa vyote vilivyo karibu vinapokezana hewa ile ile. Kompyuta moja iliyo mwisho wa korido, inayozungumza polepole kwa sababu mawimbi yanaifikia kwa shida, hushika hewa kwa muda mrefu na wengine wote wanaingoja. Pale tuliongeza vituo vya kurushia mawimbi, tukapunguza nguvu ya vile vya zamani, tukavihamishia vifaa vinavyoweza kwenye 5 GHz. Kufunga tovuti kusingemsaidia mtu hata mmoja katika bweni lile.

Wahadhiri nao wana sehemu yao, na nasema kwa heshima. Mhadhara wa saa mbili, wenye slaidi ambazo hazibadiliki kwa dakika tano tano, hauna sababu ya kurekodiwa kwa 1080p. Ubora wa 480p unatosha mradi maandishi yasomeke, na toleo la sauti pekee liwepo kwa anayelihitaji. Mhadhara huo ukiwekwa kwenye seva iliyo ndani ya chuo, wanafunzi 300 wa mabwenini wanautazama bila hata biti moja kupita kwenye njia ya nje. Ukiwekwa kwenye tovuti ya mbali, unavutwa mara 300 kupitia mlango ule ule mwembamba. Zamani tulitegemea seva za proksi kuhifadhi nakala ya kilichokwishavutwa, lakini usimbaji umezifanya zisione kitu. Google na Netflix huweka seva zao za akiba ndani ya mitandao ya watoa huduma wanaokidhi vigezo. Chuo kinachojadili mkataba mpya kiulize kama mtoa huduma wake anazo, na kama trafiki inayotoka humo inahesabiwa sawa na ile ya mbali.

Na kanuni ziandikwe wazi. Mwanafunzi akijua kwamba njia inagawanywa sawa kwa sawa inapojaa, kwamba usiku iko huru, na kwamba hakuna anayeorodhesha anachotazama, hana sababu ya kukimbilia VPN. Hata akikimbilia, fungu lake ni lile lile.

Namwomba mzazi huyo akiulize chuo cha mwanawe maswali matatu kabla ya kudai video zifungwe: njia inajaa saa ngapi, ikijaa inagawanywa kwa mtu au kwa muunganisho, na mihadhara iliyorekodiwa imehifadhiwa wapi. Sisi tuliacha kufunga tovuti na tukaanza kugawa kwa watu muhula uliopita. Siku ya mwisho ya usajili iliangukia jioni ya fainali ya mpira. Saa 3 usiku mamia ya wanafunzi walikuwa wakitazama mechi, wengi kwa picha iliyoshuka ngazi moja au mbili, na fomu ya usajili ilikuwa ikifunguka.

Wako,
Fundi wa mtandao wa chuo kikuu